Siku Ukoo Wetu Ulipoingia Ukumbini na Nyusi Nyekundu

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mimi Oliva, mwenye saluni pale Mfaranyaki, mwanamke ambaye mabibi harusi wengi wa mji huu wamepita mikononi mwake wakatoka wanang'aa, ndiye niliyeupaka ukoo wangu mwenyewe, kuanzia bibi mzaa mama hadi mdogo wangu wa mwisho, nyusi nyekundu na mashavu ya rangi ya chungwa, halafu nikawafungulia mlango waende mbele ya wakwe. Aibu hiyo nimeibeba mpaka imenizoea. Hata nikienda sokoni kununua dagaa yule mama muuzaji ananiuliza, "Dada Oliva, leo nyusi vipi?" nami namjibu zipo, nifanyeje.

Chanzo ni tela. Kuna Wazungu wawili wazee walikuwa wanaizunguka Afrika na tela lao la kulala, lile la kukokotwa na gari, lina kijitanda na kijisinki na madirisha ya mapazia ya maua, na walipofika Songea ekseli ikakatika, wakakaa wiki, wakachoka, wakaliacha gereji wakaenda zao. Likakaa pale kuku wanatagia. Watu wote walikuwa wanaona chuma chakavu, mimi nikaona saluni ya kutembea: badala ya bibi harusi kuhangaika na bodaboda kunifuata huku vumbi linamla, mimi nimfuate mpaka mlangoni mwa ukumbi, nimpake palepale, atoke mbichi. Nikalinunua (bei siitaji, mume wangu naye ana masikio), nikalipaka rangi nyeupe, nikaandikisha ubavuni kwa herufi kubwa OLIVA MAPAMBO, TUNAKUFUATA ULIPO. Mtaani wakaliita friji, kwa sababu jeupe na lina mlango mmoja, ingawa kwa joto la mle ndani lingefaa kuitwa jiko.

Sasa mdogo wangu Editha, kitinda mimba wetu, mwalimu wa chekechea, alikuwa anaagwa nyumbani, yaani sendofu yake imefika, na mchumba wake Damasi ni Mmatengo wa Mbinga, kwa hiyo ujumbe mzima wa kwao ungeshuka na basi la Kosta kuja kumtazama mkwe. Editha ni mtu wa kunawa uso na sabuni akapaka mafuta ya mgando basi, siku imeanza. Alinifuata saluni akanishika mkono, akaniambia kwa upole wake ule, "Dada, unipake kidogo tu, nataka Damasi anijue nikitokea." Nikamjibu, "Mdogo wangu, kidogo ni cha watu wasio na dada mwenye saluni." Akacheka tu. Mimi akilini nilishauona ule uso ukumbini, na pembeni ya ule uso nikaona namba yangu ya simu. Nasema ukweli: nilimpenda mdogo wangu, lakini siku hiyo nilimpenda zaidi kama tangazo.

Kilichobaki kilikuwa taa. Balbu za wale Wazungu zilikuwa zimeungua zamani, na huwezi kumpaka mtu gizani, ndipo nikaenda Majengo dukani nikauziwa taa za LED za mkanda, zile ndefu unazibandika darini kama plasta, zimekunjwa kwenye boksi lenye picha ya sebule ambayo mwenye nayo hakika hajawahi kukatikiwa umeme. Zilikuja na rimoti na kidude cha kubadilishia rangi. Chini ya kitanda cha tela nikaweka betri ya gari, nikampigia fundi.

Fundi wangu (jina lake nalihifadhi, ana watoto) alisema yuko njiani. Jumatatu yuko njiani, Jumatano yuko njiani, Alhamisi akasema ameshafika karibu na stendi, anakunywa chai. Sijui ni njia gani ile, mtu angetoka Dodoma kwa miguu angekuwa ameshafika. Ijumaa mchana, sendofu ni kesho, nikasema kwani waya ni nini? Nikafungua simu, nikamtazama jamaa mmoja kwenye video anafunga taa kwenye tela lake, anaongea lugha nisiyoijua, na kila alipofika pahali pagumu muziki ulipanda na mikono yake ikaenda mbio. Nikamaliza video nikajiona mhandisi.

Na kweli taa zikawaka! Ila kile kidude cha rangi kilikuwa na matakwa yake. Mara nyekundu, mara zambarau, mara zinapepesa zote kwa pamoja, ukibonyeza rimoti itulie inaongeza kasi. Mama mmoja wa jumuiya yetu alipita, akachungulia mlangoni, akafanya ishara ya msalaba, akaondoka bila kuaga. Nikaona hapa kesho nitaambiwa nimefungua baa. Nikachukua mkasi wa nywele nikakikata kile kidude, nikaamua kuunganisha waya moja kwa moja.

Hapa nisikilizeni vizuri, msinione mjinga kabla ya wakati. Mkanda ule una waya nne. Mmoja unaleta umeme, na zile tatu kila mmoja una rangi yake, nyekundu, kijani na bluu, na zote tatu zikiwaka pamoja ndipo macho yako yanaona mwanga mweupe. Hilo nililielewa haraka sana, maana mimi kazi yangu ni kuchanganya rangi, na mtu anayejua kuchanganya rangi ya nywele ikatoka kahawia ya asali hawezi kushindwa na waya tatu. Nikazichubua kwa meno, nikazisokota pamoja upande wa pili wa betri. Kufika kwenye kufunga, tepu ya umeme ikaisha.

Nimechuchumaa chini ya kabati, jasho linanitiririka, mkono mmoja umeshika waya, na pembeni yangu kipo kikapu changu cha kazi. Ndani ya kikapu kuna gundi ya kubandikia kope za bandia. Nikaitazama. Ile gundi mnaifahamu, imeandikwa kabisa kwamba hata ukilia haibanduki, na mimi nimeshuhudia mabibi harusi wakilia kutoka kanisani mpaka ukumbini na kope ziko palepale. Nikajiuliza, kitu kinachoshinda machozi ya mwanamke anayeagwa kitashindwaje na kawaya? Nikapaka, tena ule mwekundu nikaupaka kabla sijaukaza sawasawa, juu yake nikazungusha raba za kufungia rasta, nikapuliza ikakauka. Kuwasha, mwanga mweupe safi, unaokota sindano. Nikamwita Mama aje aone. Akapiga makofi mlangoni, "Oliva mwanangu, umewashinda mafundi wote." Usiku ule nililala usingizi wa mtu mwenye digrii.

Jumamosi, Mjomba Fotunati akaja na pikapu yake kulivuta tela hadi ukumbini Majengo. Mjomba ni mtu mwema, ila yeye tuta la barabarani huwa halioni, huwa analisikia. Tulisikia matuta yote. Mimi nimekaa mbele namwomba, "Mjomba taratibu, kuna vioo," naye ananijibu, "Hiki chombo cha Wazungu, kimezoea."

Tukaegesha uwanjani mbele ya ukumbi mchana, mapema kabisa, kwa sababu kamati ilitaka shughuli ianze saa tisa na kuisha jua lipo, watu wa Mbinga wapate kurudi. Akaingia Shangazi Skola, dada wa marehemu baba yetu, aliyejipa mwenyewe cheo cha mkuu wa usalama wa bibi harusi, akatoa amri mbili. Ya kwanza, mapazia yafungwe yote, mkwe asimwone mtu. Ya pili, simu zote ndani ya kikapu, maana kuna watu (akamtazama mama mdogo) wanaweza kuirusha sura ya bibi harusi kwenye status kabla mwenyewe hajafika mlangoni. Simu zikakusanywa, mapazia yakafungwa, na mimi kwa mkono wangu nikawasha taa.

Zikawaka. Nyeupe, lakini nyeupe ya namna nyingine, ya baridi baridi, kama mwanga wa ndani ya jokofu la bucha. Mama akatazama juu akauliza, "Oliva, mbona jana haikuwa hivi?" Hapo ndipo mtu mwenye akili angefungua pazia. Mimi nikamjibu bila kukohoa, "Mama, LED ikishakaa usiku mmoja inatulia." Wote wakaitikia "aaah," kama watu walioelezwa.

Nikaanza na Editha. Uso wake ulionekana umepauka, kijivu, kama katoka kusaga unga. Nikasema ni hofu ya sendofu, ngoja nimrudishie damu. Nikaweka poda ya rangi ya chungwa, ikazama haionekani. Nikaongeza. Ikazama. Nikaweka ya mashavu, nayo ikanywewa, nikasema leo hii ngozi ina kiu, nikaongeza mpaka ndani ya ule mwanga akaanza kuonekana mtu mzima mwenye afya. Kwenye nyusi nikachukua penseli. Nina penseli mbili za kampuni moja, urefu mmoja, moja ya kahawia ya nyusi na moja nyekundu ya kuchorea ukingo wa mdomo, na mle ndani zote mbili zilikuwa nyeusi tii. Nikachukua iliyokuwa karibu.

Mpango ulikuwa nimpake Editha tu. Lakini mnawajua mashangazi. Shangazi Skola akasema mimi nipitishie kidogo tu hapa juu ya jicho, mama mdogo naye kidogo tu, kidogo tu zikawa foleni, mpaka Bibi yangu, ajuza wa watu, akavua kilemba akaniletea uso, "Na mimi niwekee za kisasa." Mama ndiye alikuwa wa mwisho. Yeye hakuomba, mimi nilimkalisha. Alifumba macho kama mtoto anayeogeshwa, akaniambia, "Baba yako angeiona siku hii." Nikampaka kwa upendo wote nilionao, na kope za bandia nikambandika, kwa gundi ileile. Walikaa kwenye yale mabenchi ya tela wanasifiana, umependeza, wewe ndiyo umependeza, wote wako kwenye mwanga mmoja. Mimi mwenyewe nilikosa muda hata wa kujipaka wanja.

MC akaita. Muziki ukapigwa, vigelegele, Shangazi Skola akafungua mlango, wakaanza kushuka mmoja mmoja kwa kucheza kama kamati ilivyowafundisha, na bibi harusi abaki mpaka aitwe. Jua la saa tisa mnalijua. Aliposhuka Bibi na kugeuka kidogo kutupungia, nikaziona. Bibi yangu alikuwa na nyusi nyekundu kama alama ya hatari kwenye nguzo ya umeme. Nyuma yake mama mdogo, nyekundu. Shangazi Skola, nyekundu, na mashavu kama machungwa mawili. Nikaitoa penseli mfukoni mwa aproni nikaipeleka kwenye jua pale mlangoni, nikasoma kilichoandikwa ubavuni: nyekundu, ya mdomo.

Nilipiga kelele, "Rudini!" Nani atasikia? Spika za MC zilikuwa zinatikisa bati. Walikuwa wamenipa mgongo, wanacheza kuelekea mlango wa ukumbi, leso zinapepea, na Mama yuko katikati amenyanyua mikono. Na katika kipindi hichohicho, ndani ya kikapu simu yangu ikaita. Nikaipokea kwa kuchanganyikiwa. Alikuwa fundi. "Dada, nimefika hapa Mfaranyaki, mbona silioni friji?"

Sitawaambia nilichomjibu. Nyinyi ni watu wa kanisani.

Dirisha la pembeni la tela linatazamana na mlango mkubwa wa ukumbi. Nikafungua pazia (sasa ndiyo nafungua!) nikaona kila kitu. MC, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa neno, alianza vizuri, "Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, familia ya bibi harusi hiyooo..." halafu akanyamaza. Akavuta pumzi kwenye maiki tukaisikia mpaka huku. "Hiyo... na ubunifu wao!" Upande wa wakwe cheko moja likatoroka, la pili likalifuata. Mama alisimama pale mlangoni. Hakujua wanacheka nini. Akapeleka mkono kichwani akarekebisha kilemba, akidhani kimekaa upande. Akakirekebisha tena. Akashusha mkono akatazama gauni lake mbele, akaligeuza na nyuma, akarudi tena kwenye kilemba. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono unaotafuta kosa pale lisipokuwepo, natamani kulia.

Nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Editha alikuwa ameshatazama. Alikichukua kioo, akaenda nacho mlangoni kwenye jua, akajiangalia. Mimi nilishalowanisha kitambaa, niko tayari, nasema, "Njoo mdogo wangu, nakufuta upesi, watakusubiri, MC nitamwambia aongeze nyimbo mbili."

Hakusogea. Akauliza, "Mama ameshaingia hivi?"

"Ameingia."

"Na Bibi? Na mashangazi wote?"

"Wote, Editha. Nisamehe. Lete uso."

Akashika mkono wangu wenye kitambaa akaushusha. "Usinifute. Mama achekwe, halafu mimi niingie msafi? Watasema nini, watasema mtoto ni mzuri, mama yake ndiye kituko." Akanitazama usoni, akatazama vizuri, akaniuliza, "Wewe mbona huna?"

"Sikupata muda."

Akajitengeneza gauni akashuka, mtoto ambaye alitaka kupakwa kidogo tu.

Nilimfuata kwa nyuma kama mtu anayesindikiza msiba. Mlangoni mpiga picha alishawapanga ukoo mzima mstari, na mwenye kazi yake hana habari na nyusi za mtu, akapaza sauti, "Dada wa bibi harusi sogea, kaa hapo katikati," nikasogezwa, taa yake ikapiga. Kisha Editha akaingia. Kicheko kilichokuwa kinazunguka upande wa Mbinga kilisimama ghafla, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kicheko, kwa sababu kucheka wamama ni jambo moja, lakini bibi harusi naye! Nikamsikia shangazi yake Damasi, mama mmoja mrefu aliyekaa mbele na pochi yake mapajani, akisema kwa sauti ya watu kusikia, "Hapana, hii si bahati mbaya. Familia nzima? Hawa wametukejeli." Akaibana pochi kwapani. Wanawake wawili pembeni yake nao wakaanza kutafuta viatu chini ya meza.

Mimi nilitakiwa nisimame niseme ni kosa langu. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa nawaza lile tela lililoko nje na jina langu ubavuni.

Aliyesimama ni Mzee Nikodemu, msemaji wao, kizee kifupi cha Kimatengo chenye koti kubwa kuliko mwili. Akaomba maiki. Akakohoa. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema, tukajibu milele amina kwa sauti ndogo. Akawatazama mama zangu mmoja mmoja. "Sisi Wamatengo tunawajua nyinyi Wangoni. Nyinyi ni watani wetu. Zamani mlipokuja kwetu milimani mmejipaka hivi, babu zetu waliacha ugali motoni wakakimbilia mapangoni. Tumesoma, tumeambiwa mambo hayo yamekwisha, tukapanda Kosta tukaja kwa amani, tumeleta na kahawa. Sasa tunafika, mnatutokea na rangi za vita, mpaka Bibi!" Akageukia watu wake. "Vijana! Nani ameona pango hapa Majengo?"

Ukumbi ulipasuka. Bibi yangu, ambaye utani kwake ni chakula, hakuwa na habari za nyusi wala nini, ila kusikia neno vita tu akachomoka mstarini, akarusha mguu mmoja, akapiga kishindo mbele ya meza ya wakwe, na yule shangazi mrefu mwenye pochi akacheka kabla hajaamua kucheka. Pochi ikarudi mapajani.

"Faini!" akasema Mzee Nikodemu. "Mtani hawezi kutishwa bure. Mleteni aliyewapaka."

Hakuna aliyenionyesha kidole. Hakukuwa na haja. Ukoo mzima una nyusi nyekundu, mmoja tu yuko kama alivyozaliwa, amesimama katikati. Watu mia kadhaa walinitazama kwa pamoja.

Nikaletewa kiti mbele, chini ya dirisha, kwenye mwanga wa Mungu. Mzee Nikodemu akahukumu kwamba nipakwe kama wenzangu, na mpakaji awe bibi harusi. Editha akachukua ile penseli kwenye aproni yangu, akanishika kidevu. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Nikamnong'oneza, "Utanisamehe?" Akasema, "Tulia, nitakosea." Akanichora nyusi mbili pana, nyekundu, akazidisha mpaka karibu na masikio, na upande wa Mbinga wakawa wanahesabu kwa sauti kila akipitisha penseli.

Baadaye MC akamwambia Editha amtafute mwenzake aliko, maana ndiyo desturi, mchumba hufichwa katikati ya watu. Akazunguka meza zote na ua lake mkononi, nyusi zile zikimtangulia. Damasi alikuwa amefichwa nyuma ya wajomba, na kusema kweli mimi roho ilikuwa juu, maana mtani akicheka si lazima mume naye acheke. Alipompata akamwinua. Damasi akamtazama muda, akapewa maiki. Akasema, "Nilimjua tangu mlangoni kwa mwendo wake. Hizi akinawa zitatoka." Halafu badala ya kwenda kukaa, akamshika Editha mkono wakaenda moja kwa moja kwa Mama, akainama, "Shikamoo, mama. Mmependeza."

Mama akaitikia marahaba, na mkono ukaenda tena kwenye kilemba, maana nyusi za wenzake alishaziona, zake mwenyewe hakuwa na kioo. Ndipo Editha alipoushika ule mkono, akautoa kwenye kilemba akauweka juu ya unyusi wa Mama mwenyewe, akaupangusa nao kidogo, akamwonyesha kidole chake. Mama akakitazama kile kidole chekundu. Akamtazama Editha. Akawatazama Bibi na Shangazi Skola, akanitafuta mimi kwa macho akaniona nimekaa kwenye kiti changu cha faini. Akaanza kucheka. Mama yangu huwa hacheki kwa sauti, lakini siku ile alicheka akashika meza, akacheka machozi yakamtoka, na yale machozi hayakuwa ya kucheka yote. Kope moja ya bandia ikabanduka ikamwangukia kwenye sahani ya karanga. Nikajua rasmi kwamba ile gundi haishiki waya wala kope.

Fundi alikuja Jumatatu, akafungua kabati, akazitoa zile raba za rasta moja moja. Ule waya mwekundu ulikuwa umejitenga kabisa, umelala pembeni na gundi yake kama mwenye likizo, matuta ya Mjomba yalikuwa yameumaliza. Mwanga usio na nyekundu ndani yake, nyekundu yoyote utaiona nyeusi. Kwa hiyo mimi niliyejisifu najua kuchanganya rangi nilifanya kazi mchana mzima rangi moja ikiwa haipo na sikuiulizia.

Editha yuko Mbinga, anafundisha chekechea kama kawaida, uso na sabuni. Biashara ya tela inaendelea, tena watu wananipigia kwa sababu ya kisa kile (wengine wanauliza kama nyusi nyekundu zina bei yake). Lakini waya sigusi tena, hata chaja ikilegea naita mtu, namsubiri akiwa njiani siku zote anazotaka. Na kila ninayempaka lazima nimtoe mlangoni kwanza kwenye jua, mapazia na usiri wa mashangazi baadaye.

Ila kuna ile picha. Mpiga picha alileta nyingi, zipo za baada ya faini ambazo na mimi nyusi zangu zimefika masikioni, nilimsihi Mama achague hata moja katika hizo. Akachagua ya mlangoni, akaitundika sebuleni juu ya redio. Wageni wakija huitazama, huwacheka wote kwa mapenzi, kisha huweka kidole katikati na kuuliza, "Na huyu msafi ni nani, naye ni wa humu?" Mama huwajibu bila hasira, "Huyo ndiye fundi." Nami kila nikipita pale najiona nilivyo safi katikati ya watu wangu, natamani ningekuwa na nyusi kama za Mama.